Taa za tahadhari za breki na uthabiti wa gari

Taa za tahadhari za breki na uthabiti ni taa ndogo za dashibodi zinazomjulisha dereva kwamba kuna hitilafu katika breki zenyewe, katika mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati breki inapokanyagwa (ABS), au katika mfumo unaolizuia gari lisiserereke (ESC, ambao Toyota huuita VSC na Mercedes-Benz huuita ESP). Makala hii inahusu hasa taa zinazowaka na kuzimika zenyewe: leo zipo, kesho hazipo, na gari likifika gereji zimezimika.

Hitilafu ya namna hii husumbua kuliko ile ya kudumu, kwa sababu fundi hawezi kupima kitu kisichokuwapo. Matokeo yake ni mambo mawili, na yote ni mabaya. Ama mwenye gari ananunua spea moja baada ya nyingine bila kupona, ama anaizoea taa na kuacha kuitazama. Katika nchi ya milima kama Umatengo mkoani Ruvuma, ambako barabara kutoka Mbinga huteremka hadi ufuko wa Ziwa Nyasa, kuizoea taa ya breki ni hatari.

Rangi na alama

Rangi ndiyo habari ya kwanza. Taa nyekundu yenye duara na alama ya mshangao inahusu breki za kawaida, zile zinazosukumwa na mguu wa dereva. Huwaka hendibreki ikiwa imevutwa, mafuta ya breki yakiwa yamepungua, au mgawanyo wa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ukiwa umeharibika. Taa ya njano yenye herufi ABS inasema kwamba kinga ya kujifunga kwa magurudumu imejizima. Breki za kawaida bado zinafanya kazi, lakini dereva akikanyaga kwa nguvu kwenye tope, magurudumu yatajifunga na gari litateleza kama magari ya zamani. Taa ya njano yenye picha ya gari na mistari miwili iliyopinda nyuma yake inahusu mfumo wa uthabiti.

Taa hiyo ya gari lenye mistari ina tabia inayowachanganya wengi. Ikimetameta kwa sekunde chache wakati gari linapita kwenye utelezi, hakuna ubovu wowote: mfumo uko kazini, unabana gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini ili gari lifuate usukani. Ikiwaka bila kumetameta na kubaki hivyo, hapo ndipo kuna hitilafu, isipokuwa dereva mwenyewe awe ameuzima mfumo kwa kitufe.

Hali inayostahili hofu ni taa nyekundu na ya ABS kuwaka pamoja huku hendibreki ikiwa imeachiwa na mafuta ya breki yakiwa yamejaa. Katika magari mengi kompyuta ya ABS ndiyo pia inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ikishindwa, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele, na gari likaugeuza mkia wake kwenye kona.

Historia fupi

Mawazo ya kuzuia magurudumu kujifunga yalianza kutumika katika ndege kabla ya magari. Mfumo wa kielektroniki wa kampuni ya Bosch uliwekwa katika magari ya Mercedes-Benz ya daraja la S mwaka 1978. Herufi ABS zinatokana na neno la Kijerumani Antiblockiersystem, ingawa Waingereza nao walizipatia maneno yao yanayoanza kwa herufi zilezile. Mwaka 1995 mfumo wa uthabiti ulifika sokoni, kwa Mercedes-Benz huko Ujerumani na kwa Toyota huko Japani. Uliwafikia watu wa kawaida baada ya aibu ya mwaka 1997, pale Mercedes-Benz ndogo ya daraja la A ilipopinduka katika jaribio la waandishi wa habari wa Uswidi waliokuwa wakilikwepesha gari kama vile mnyama amekatiza barabara. Kampuni hiyo ikaamua kuufunga mfumo wa uthabiti katika magari yote ya aina hiyo. Baadaye sheria zilifuata: Marekani iliulazimisha kwa magari madogo ya toleo la mwaka 2012, na Umoja wa Ulaya kwa magari mapya yote kuanzia Novemba 2014.

Magari mengi ya Tanzania huingia nchini yakiwa yametumika Japani kwa miaka kadhaa. Kwa hiyo si ajabu kukuta gari lenye ABS bila mfumo wa uthabiti likiwa limeegeshwa kando ya lingine la jina hilohilo lenye vyote viwili. Kabla ya kutafuta ubovu, inafaa kujua gari husika lina nini. Njia rahisi ni kuwasha swichi bila kuwasha injini na kusoma dashibodi: kila mfumo uliomo huwasha taa yake kwa sekunde chache, kisha taa huzimika.

Gari linavyojua mwendo wa kila gurudumu

Takriban kila kisa cha taa inayokuja na kuondoka huishia kwenye sensa za magurudumu au waya zake, kwa hiyo sehemu hii ndiyo inayopaswa kueleweka vizuri. Kila gurudumu lina sensa yake, ndogo kama kidole gumba, inayotazama pete yenye meno au pete yenye sumaku inayozunguka pamoja na gurudumu. Kati ya sensa na pete pana nafasi ya milimita 1 hivi.

Sensa za zamani ni sumaku iliyozungushiwa koili ya waya. Jino la chuma linapopita mbele yake, uga wa sumaku hubadilika na umeme mdogo huzaliwa katika koili. Ni kanuni ileile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, inayofundishwa katika fizikia ya kidato cha nne. Umeme huo hupungua kadiri mwendo unavyopungua, na ndiyo maana sensa hizi hushindwa kwanza gari linapokaribia kusimama. Sensa za kisasa hutumia kanuni ya Edwin Hall ya mwaka 1879, au nyingine inayofanana nayo. Zinahitaji kupewa umeme na kompyuta, na hutoa alama safi hata gari likitembea polepole sana.

Mfano wa hesabu unasaidia. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 na pete ya meno 48, kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, huzunguka mara 8.3 hivi kwa sekunde na kutoa alama 400. Kompyuta hulinganisha hesabu za magurudumu manne muda wote. Gurudumu moja likitoa alama 400 na jingine ghafla likatoa 0 huku gari likiendelea kukimbia, kompyuta ina maelezo mawili tu: ama gurudumu limejifunga, ama sensa inadanganya. Ikiamini la pili, huwasha taa na kujiondoa kazini, ili isije ikaachia breki nzima bila sababu. Hivyo taa ya njano ni ungamo la kompyuta kwamba haijiamini tena.

Mfumo wa uthabiti huongeza sensa nyingine: moja inayopima usukani umegeuzwa kiasi gani, na nyingine inayopima gari lenyewe linavyozunguka na kusukumwa upande. Hizi huharibika mara chache kuliko zile zilizo karibu na tope.

Kwa nini taa huwaka na kuzimika

Hitilafu inayokuja na kuondoka ina sharti lake, nalo ndilo hulifichua tatizo. Haiwaki ovyo. Huwaka palipo na maji, au joto, au mtikisiko, au mwendo fulani, au umeme mdogo. Dereva anayeweza kusema taa iliwaka lini amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi.

Taa inayowaka baada ya mvua au baada ya gari kuoshwa, kisha ikazimika gari likikauka, huelekeza kwenye soketi za waya za sensa. Maji yakiingia humo, umeme mdogo huvuja na pini za shaba huota ukungu wa kijani. Katika Mkoa wa Ruvuma mvua hunyesha kwa msimu mmoja mrefu, takriban Novemba hadi Aprili. Katika kata za vijijini za Wilaya ya Mbinga kama Mkumbi, udongo ulioloa hujibandika ndani ya mabawabawa ya magurudumu na kukauka kama tofali. Uzito wa tope hilo huvuta waya na kuzilegeza soketi. Msimu wa kiangazi ukifika, gari linaonekana limepona. Halijapona.

Taa inayowaka kwenye makorongo, au usukani unapogeuzwa hadi mwisho, huonyesha waya uliokatika ndani ya gamba lake. Nje waya unaonekana mzima, ndani nyuzi zinagusana na kuachana. Waya wa sensa ya mbele hukunjwa kila usukani unapogeuzwa na kila springi inaposhuka. Kiwandani ulifungwa kwa vibanio kwenye shokapu ili ukunjike pasipodhuru. Mara nyingi kisa huanzia hapo: shokapu zilibadilishwa, vibanio vikavunjika au vikasahauliwa, na waya ukaachwa ukining'inia hadi tairi ikaulamba. Mwenye gari hahusishi mambo haya mawili, kwa sababu kati ya shokapu na taa imepita miezi mitatu.

Taa inayowaka kwenye mwendo fulani, au gari likiwa katika kona ya upande mmoja tu, huelekeza kwenye beringi ya gurudumu. Beringi iliyolegea huiachia pete icheze, na ile nafasi ya milimita 1 hugeuka kuwa kubwa, kisha ndogo, kisha kubwa. Kwenye kona ya kulia uzito huhamia magurudumu ya kushoto, na kinyume chake, kwa hiyo kona inayowasha taa hudokeza upande wa kuanzia. Kwa kawaida huandamana na mlio wa kuvuma unaopanda pamoja na mwendo. Hapa taa imefanya hisani kubwa kuliko kazi yake, maana beringi iliyokwisha ni hatari yenyewe, uwe na ABS au usiwe nayo.

Kuna dalili nyingine isiyo na taa kabisa. Gari likikaribia kusimama, kwenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa au chini, pedali ya breki hutetemeka mguuni na gari husogea kidogo mbele ya pale dereva alipokusudia, ingawa barabara ni kavu. Sensa moja inapoteza alama mapema kuliko nyingine, na kompyuta inadhani gurudumu limejifunga. Chanzo huwa ni kutu iliyoiinua sensa kutoka mahali pake, vumbi la chuma lililonasa kwenye sumaku, au pete iliyopasuka. Dereva anayesikia jambo hili asisubiri taa.

Umeme mdogo nao ni sababu ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Kompyuta ya ABS huacha kazi volteji ikishuka chini ya kiwango chake. Betri nzima iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikiwa inaunguruma alteneta inapaswa kuipandisha hadi kati ya 13.5 na 14.5. Asubuhi za baridi za Juni na Julai katika milima ya Umatengo, betri chovu hushuka sana wakati wa kuwasha, na taa za ABS na VSC hubaki zimewaka hadi gari lizimwe na kuwashwa tena. Kabla ya kununua sensa yoyote, betri, alteneta na nyaya za ardhi zinapaswa kupimwa. Kipimo hicho huchukua dakika chache.

Taa nyekundu inayowaka gari likiteremka, likipanda au likikata kona, kisha kuzimika kwenye tambarare, kwa kawaida haina fumbo. Mafuta ya breki yamepungua hadi karibu na alama ya chini, na yakihamia upande mmoja wa kopo, kielea huzama na kuwasha taa. Kosa linalofuata ni kuongeza mafuta na kwenda zako. Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yakipungua, ama pedi zimekwisha na pistoni za kalipa zimesogea nje, ama yanavuja. Pedi zitazamwe kwanza, kisha mabomba, masta silinda na upande wa ndani wa magurudumu, ambako mafuta yanayovuja huacha alama ya unyevu.

Zipo sababu zinazotoka nje ya breki kabisa. Katika Toyota nyingi zenye VSC, hitilafu ya injini huwasha taa ya injini pamoja na taa ya VSC, kwa sababu mfumo wa uthabiti hauwezi kuitegemea injini isiyoaminika ipunguze nguvu inapoagizwa. Sensa ya oksijeni iliyochoka inaweza kumfanya mtu abadilishe sensa za magurudumu yote manne bila faida. Kanuni ni fupi: taa ya injini na ya VSC zikiwaka pamoja, injini ipimwe kwanza. Vivyo hivyo, swichi ya pedali ya breki iliyolegea, au balbu za nyuma za breki zilizoungua, huweza kuwasha taa ya ABS, kwa kuwa kompyuta hutumia saketi hiyo kujua kwamba breki imekanyagwa. Tairi moja yenye kipimo tofauti na nyingine huzunguka kwa kasi tofauti, na kompyuta huona gurudumu moja linalotangulia wenzake safari nzima. Na katika maghala ya mahindi na kahawa wapo panya, ambao hawachagui waya wa kutafuna.

Kutafuta chanzo

Kazi huanza kwa mazungumzo, si kwa spana. Taa gani iliwaka, ya rangi gani? Mvua ilikuwa inanyesha? Gari lilikuwa limetoka kutengenezwa nini? Injini ilikuwa imepata joto? Dereva mwenye busara huandika majibu kwenye karatasi, au huipiga picha dashibodi akiwa amekwisha kusimamisha gari.

Kisha kompyuta huulizwa. Hitilafu iliyotoweka huacha kumbukumbu, na mashine ya kusoma misimbo huionyesha hata taa ikiwa imezimika. Hapa kuna tahadhari: mashine ndogo za bei nafuu husoma injini pekee, hivyo fundi anaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba gari halina tatizo. Inahitajika mashine inayofika kwenye ABS. Misimbo ya breki na uthabiti huanza kwa herufi C. Kwa Toyota, C0200 ni sensa ya mbele kulia, C0205 ya mbele kushoto, C0210 ya nyuma kulia na C0215 ya nyuma kushoto.

Pasipo na mashine, Toyota nyingi za miaka ya 2000 huweza kusomwa kwa kipande cha waya. Swichi ikiwa imezimwa, tundu namba 13 na namba 4 za soketi ya uchunguzi iliyo chini ya dashibodi huunganishwa, kisha swichi huwashwa bila kuwasha injini. Taa ya ABS itamweka: mara tatu, itulie, kisha mara moja, maana yake 31, ambayo ni sensa ya mbele kulia. Namba 32 ni ya mbele kushoto, 33 ya nyuma kulia, 34 ya nyuma kushoto, 41 ni umeme mdogo na 49 ni saketi ya taa za breki. Ikimweka haraka bila kukoma, hakuna kumbukumbu. Njia hii inataka macho makini, kwa kuwa tundu namba 16 lina umeme wa betri moja kwa moja, na waya ukichomekwa humo kwa makosa shoti hutokea.

Msimbo hautaji spea ya kununua. Unasema tu kwamba alama za gurudumu fulani hazikufika. Kati ya sensa na kompyuta pana soketi, waya wa mita kadhaa na soketi nyingine, na popote hapo panaweza kuwa na kosa. Kwa hiyo hufuata macho na vidole: kusafisha tope, kufungua soketi, kutazama ukungu wa kijani, kuvutavuta waya taratibu huku kipimo kikiwa kimeunganishwa. Sensa ya koili hupimwa ukinzani, ambao mara nyingi huwa kati ya omu 800 na 2,500 hivi, ingawa kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari husika. Namba ikirukaruka waya unapotikiswa, mkosaji amepatikana. Sensa ya kisasa haipimwi ukinzani kwa njia hiyo. Yake ni kutazama mwendo wa gurudumu kwenye mashine huku gari likitembea.

Jaribio la bei rahisi ambalo mafundi wengi hulisahau ni kubadilishana. Sensa za kushoto na kulia za gari zikifanana, na soketi zikiruhusu, huhamishwa. Msimbo ukihama pamoja na sensa, sensa ni mbovu. Ukibaki palepale, tatizo ni waya, pete au beringi, na fedha ya sensa mpya imeokolewa.

Baada ya matengenezo kumbukumbu hufutwa. Kwa njia ya waya katika Toyota zilizotajwa, pedali ya breki hukanyagwa mara 8 au zaidi ndani ya sekunde 5 waya ukiwa umeunganishwa. Magari mengine hayazimi taa mpaka yatembee kidogo na kompyuta ijiridhishe yenyewe.

Makosa yanayozaa hitilafu mpya

Taa nyingi huwashwa na matengenezo ya kitu kingine. Beringi za kisasa zina sumaku ndani ya sili yake ya upande mmoja, na kwa macho upande huo haufahamiki. Beringi ikipigiliwa kinyume, gari litatembea vizuri kabisa ila halitakuwa na ABS. Sensa iliyoganda kwa kutu ikigongwa kwa nyundo ili itoke hupasuka. Kuchomelea chesi kwa umeme bila kuchomoa betri na soketi za kompyuta kunaweza kuunguza kompyuta ya ABS, spea ambayo bei yake humfanya mwenye gari afikirie kuuza gari. Baada ya kubadilisha tairodi au kufanya alaimenti, au hata betri kuchomolewa, baadhi ya magari husahau usukani ulionyooka uko wapi, na taa ya VSC huwaka hadi sensa ya usukani ielekezwe upya. Toyota hutoa msimbo C1210 sufuri hiyo ya sensa ya mzunguko inapokuwa haijawekwa. Huo si ubovu, ni kazi ambayo haikumalizwa.

Barabara za milima na ufuko wa Ziwa Nyasa

Mji wa Mbinga uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na uso wa Ziwa Nyasa uko mita 475 hivi. Kati yao kuna barabara ya takriban kilomita 66 hadi Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Lami imeifanya safari kuwa fupi, na pia imewafanya madereva wateremke kwa kasi ambayo zamani mashimo hayakuiruhusu.

Gari la kilo 1,500 likishuka mita 700 hupoteza nishati ya megajuli 10.5. Ni joto linalotosha kuchemsha maji baridi ya lita 30, na dereva akishikilia breki njia nzima, sehemu kubwa ya joto hilo hukusanyika kwenye diski, pedi na hatimaye mafuta ya breki. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205 za Selsiasi au zaidi, na DOT 4 kwenye nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya, viwango vya chini vinavyokubalika ni nyuzi 140 na 155. Yakichemka, mvuke hujaa kwenye mabomba, pedali huzama hadi sakafuni, na gari halina breki. Hakuna taa inayotangulia kuonya juu ya mafuta yaliyozeeka, kwani kielea hupima wingi wake tu. Watengenezaji wengi hushauri yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, ushauri ambao ni wachache wanaoufuata.

Kwa hiyo swali la dereva anayeona taa juu ya mteremko lina majibu tofauti kwa kila taa. ABS au VSC ya njano pekee, pedali ikiwa ngumu na ya kawaida, inaruhusu kuendelea polepole, kwa gia ndogo, nafasi kubwa nyuma ya gari lililo mbele, na bila kukanyaga breki kwa ghafla kwenye utelezi. Taa nyekundu ni ya kusimama. Asimame mahali tambarare, atazame hendibreki, atazame kopo la mafuta, akanyage pedali mara kadhaa. Pedali ikiwa laini, ikizama, au taa zote mbili zikibaki zimewaka, gari lisiteremke. Abiria watafute usafiri mwingine. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari lililo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watu, lakini Noah iliyojaa abiria na mizigo ya gulioni huvuka mteremko huo mara nyingi zaidi kuliko askari anavyoweza kuikagua.

Breki zikififia katikati ya mteremko, kilichobaki ni injini: gia ya chini moja baada ya nyingine, au nafasi ya 2 na L kwa gari la otomatiki, pedali ikipigwapigwa haraka, na hendibreki ikivutwa taratibu, si kwa mkupuo.

Kwenye barabara za udongo na changarawe mambo hubadilika kidogo. Gurudumu lililojifunga hukusanya changarawe mbele yake na kujiwekea kizuizi, kwa hiyo ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama. Baadhi ya madereva huchomoa fyuzi ya ABS kwa hoja hiyo. Hoja ina ukweli nusu. Faida ya ABS haiko kwenye umbali peke yake. Inamwachia dereva usukani ili akwepe mtoto au mti, na gurudumu lililojifunga haliusikilizi usukani. Tena, fyuzi iliyochomolewa kwa ajili ya changarawe ya Mkumbi hubaki imechomolewa kwenye lami ya Songea. Kitufe cha kuzima VSC kina matumizi halali zaidi. Gari likinasa kwenye tope, mfumo hukata nguvu ya injini kila gurudumu linapozunguka bure, na dereva hukaa palepale. Akiuzima anaweza kujinasua, mradi auwashe tena akishatoka.

Taa zilizofichwa

Katika biashara ya magari yaliyotumika, taa sugu huweza kunyamazishwa. Balbu hutolewa, taa hufunikwa kwa karatasi nyeusi nyuma ya kioo cha dashibodi, au waya wake huunganishwa na wa taa nyingine ili zizimike pamoja. Mnunuzi hujikinga kwa jaribio lilelile la mwanzo: swichi iwashwe bila injini na taa zihesabiwe. Taa ya ABS au VSC isiyowaka kabisa hapo ni mbaya kuliko inayowaka na kukataa kuzimika, kwa kuwa ya pili angalau inasema kweli. Taa ya ABS inayozimika sekunde ileile moja na ya betri au ya mafuta ya injini kila mara nayo itiliwe shaka, maana kila moja ina wakati wake.

Hatua inayofuata ni kuliendesha gari kwa dakika 20 au zaidi, likiwemo eneo lenye makorongo na kona za pande zote mbili, na kulisimamisha kwa breki za kawaida mara kadhaa kwenye mwendo mdogo. Kumbukumbu za ABS zisomwe baada ya safari hiyo, si kabla yake, kwa sababu muuzaji anaweza kuwa alizifuta asubuhi.